Korosho Zilizoota Bafuni

Habari kwamba korosho zitapelekwa Bara Hindi zikabanguliwe huko ilifika mtaani Chuno, Mtwara, kabla haijafika kiwandani, na aliyeileta ni Bwanaheri, mume wa Mwaisha. Tena aliileta mgongoni. Alirudi kutoka bandarini jua limepinda, shati limekauka kwa jasho na vumbi la magunia, akajitupa kibarazani na kuomba maji. Kabla hajayanywa akasema:

"Leo tumepakia korosho, Mama Somoe."

"Si kazi yenu? Kila msimu mnapakia."

"Kila msimu tunapakia maboksi. Leo magunia. Ghafi, na maganda yake."

Mwaisha alikuwa anamwogesha mtoto kwenye karai. Mkono ukasimama juu ya kichwa cha Somoe, povu likamwingia mtoto machoni, akaanza kulia. Mwaisha alikuwa na miaka tisa kiwandani. Alikuwa anatoa ngozi ya korosho kwa kisu kidogo na kutenga nzima kwake na vipande kwake. Hakuhitaji kuelezwa maana ya gunia kupanda meli na maganda yake.

"Zinakwenda wapi?"

"Karani wa meli anasema Bara Hindi. Zikabanguliwe huko, halafu wao ndio wauze Ulaya. Na hii ya leo ni kufungua mlango tu. Meli nyingine inakuja."

"Huko kuna mashine nzuri kuliko zetu?"

"Hakuna mashine. Kuna wanawake. Wanakaa chini na vigongo, wanapasua mojamoja. Anasema hawavunji. Na wanalipwa kidogo kuliko nyinyi."

Kutoka chumbani ilisikika sauti ya Bi Saumu, mama yake Bwanaheri, ambaye macho yalikuwa yameanza kumwacha lakini masikio yalibaki ya ujana: "Kuliko hiki anacholeta Mwaisha? Basi hao hawalipwi mshahara, wanalipwa pole!"

Bwanaheri alicheka mpaka maji yakampalia. Mwaisha hakucheka. Wiki ile nyumba yao ilikula changu siku mbili mfululizo, maana upakiaji ulikuwa wa mpaka usiku na posho ilikuwa nono. Lakini kila tonge Mwaisha alilila akihesabu. Samaki huyu amenunuliwa kwa kazi yangu, aliwaza. Kila gunia analobeba mume wangu ni zamu yangu moja inayopanda meli.

"Ungekataa kupakia," alimwambia mumewe.

"Nikatae, apakie nani? Apakie mwingine, na changu ale mwingine. Meli ingeondoka vilevile."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo lililomtisha zaidi.

*

Kiwandani kulikuwa na jambo moja ambalo wanawake hawakulizoea kamwe, ingawa walilifanya kila siku: kukaguliwa vinywa. Ukimaliza zamu unapanga foleni getini, unatikisa khanga, unafungua kilemba, halafu unafika kwa Helena. Helena alikuwa mwanamke mrefu wa Ndanda, hana mzaha, amevaa gauni la kaki lililopigwa pasi mpaka linakata. Kando yake palikuwa na beseni jeupe na kikombe cha maji.

"Fumbua. Nyanyua ulimi. Sukutua. Tema."

Ukitema maji yakawa meupe kama tui, umeiba korosho. Siku hiyohiyo unakwenda nyumbani moja kwa moja.

"Helena anavijua vinywa vyetu kuliko waume zetu," wanawake walikuwa wakisema kwenye foleni, wakicheka kicheko cha kujifariji. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kula korosho nzima ya namba moja. Walizozijua kwa ulimi ni za kuchomwa juu ya bati huko kwao, nyeusi, zenye harufu ya moshi. Zile nyeupe walizijua kwa vidole tu.

Siku ya tatu baada ya meli kuondoka, mashine moja ilisimama. Wakasema inasubiri spea. Siku ya nne ikasimama ya pili, na hiyo hawakusema inasubiri nini. Mchana Bwana Erasto, msimamizi wa zamu, alimwita Mwaisha nyuma ya tanuri, mahali ambapo kelele za mvuke hazimruhusu mtu wa tatu kusikia.

"Ndugu Mwaisha, wewe mkono wako mwepesi kuliko wote. Umesikia habari za Bara Hindi?"

"Nimezisikia, bwana. Zimelala kwangu."

"Wanakuja wageni kutoka huko, wanunuzi wenyewe. Watakagua kiwanda, halafu ndio wakubwa wa Dar es Salaam watie sahihi. Wakubwa watawaonyesha mashine. Mashine inavunja nusu ya korosho, wageni watacheka, karatasi itasainiwa, sisi tutakwenda kulima mihogo." Erasto alifuta jasho. Alikuwa mtu wa kucheka kwa kawaida. Leo jicho lake moja lilikuwa likicheza lenyewe. "Lakini tukiwaonyesha kopo la korosho zilizopasuliwa kwa mkono, hapahapa Mtwara, nzima, nyeupe, bila doa? Si watauliza wenyewe: kwa nini tulipe meli?"

"Wakubwa si watakasirika? Wamenunua mashine juzi."

"Ndiyo maana nasema na wewe nyuma ya tanuri."

Alimweleza namna. Unazipika kwa mvuke kwenye debe, unazianika, unazipasua kwa kigongo juu ya kigogo, unapaka mikono majivu na mafuta ya mbarika ili utomvu wa maganda usikuchome. Magunia mawili angempelekea nyumbani, chini ya shehena ya maganda matupu ambayo lori hupeleka kumwagwa njia ya Ziwani.

"Yana kibali?" Mwaisha aliuliza.

Erasto alitazama chini. "Yana mimi."

*

Magunia yalifika saa sita mchana, watu wako makazini. Kwa wiki mbili Mwaisha alitoka zamu, akatema maji safi kwenye beseni la Helena, akarudi nyumbani, akajifungia ukumbini na kigongo. Bi Saumu alishika zamu ya kusikiliza mlango na kumbembeleza Somoe, huku akiimba kwa sauti ili kufunika mlio wa kupasua.

Ilimchukua siku nyingi kujua. Ukigonga kwa nguvu inavunjika, ukigonga kwa huruma haipasuki. Kuna mahali pamoja pa mgongo wa korosho, ukipalenga, ganda linafunguka lenyewe na mtoto wake anatoka mzima. Siku alipopalenga mara kumi kwa kumi alimwita mumewe aje aone.

"Tazama, Baba Somoe! Hao wa Bara Hindi wana mikono sita?"

Bwanaheri alichukua moja akaigeuzageuza, akairudisha koponi taratibu kama yai. "Nzuri," alisema. "Lakini meli haiji kuonja, mke wangu. Meli inakuja kubeba."

"Hujui lolote."

"Mimi ni mgongo tu, kweli. Ila mgongo nao unasikia uzito."

Kopo, la maziwa ya unga, lilijaa. Kilichoharibika ni mikono. Majivu na mbarika havikutosha. Utomvu ulipenya, ngozi ya vidole ikawa nyeusi, ikapasuka, ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Mwanamke wa kutoa ngozi za korosho hapati mikono ile. Kiwandani maganda yalipasuliwa na mashine. Mikono ile ilikuwa ya mtu anayebangua nyumbani, na Mtwara nzima hakuna asiyejua kuisoma.

Zilibaki korosho ghafi gunia moja, hazijapikwa bado, wakati redio ilipotangaza msako.

*

Ulikuwa mwaka themanini na tatu, na anayeukumbuka hahitaji kusimuliwa. Serikali ilisema wahujumu uchumi ndio waliotuletea dhiki, na kila mwenye kitu kilichozidi, au kitu ambacho hawezi kueleza alikipata wapi, alijikuta ni mhujumu. Zuhura, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, ambaye habari zilikuwa zikipita kwake kabla ya kwenda kwa wenyewe, aliingia bila hodi, leso begani.

"Shoga, Mikindani watu wanatupa sabuni baharini! Wallahi, bahari inatoa povu! Na yule Mwarabu wa vitambaa amechimbia majora yake shambani, mvua imenyesha, udongo umeota rangi ya samawati!" Alipunguza sauti. "Na korosho ndiyo mbaya zaidi. Korosho ni ya serikali toka mtini. Ukikutwa nayo pishi moja bila maelezo, huna maelezo. Wameanza mitaa ya bandarini. Wanakuja huku."

Mwaisha aliikunja mikono yake ndani ya khanga. Ukumbini, nyuma ya pazia, gunia lilikuwa limekaa kama mgeni asiyejua kuaga.

Kesho yake alimfuata Erasto nyuma ya tanuri. Tanuri lilikuwa limezimwa. Hapakuwa na kelele za kuwaficha, wakasema kwa kunong'ona.

"Yachukue magunia yako, bwana. Nakuomba."

"Magunia gani?"

"Bwana Erasto!"

"Ndugu Mwaisha, nisikilize. Wageni hawaji tena. Wamesema watasaini Dar es Salaam kwa simu, hawataki vurugu za msako. Lori la maganda limefungwa. Kitu kilichotoka getini kwa mlango wa nyuma hakirudi kwa mlango wa mbele." Alitazama getini. "Nina watoto. Ukinitaja nitakukana. Siyo kwa ubaya. Nitakukana kwa woga, na ni bora ujue mapema."

Mwaisha alitaka kumtukana, akashindwa, kwa kuwa uso ule wa Erasto ulikuwa uso wake mwenyewe alioutazama kwenye kioo asubuhi.

Kuchoma hawakuweza: moshi wa korosho unawasha macho mitaa mitatu, na kila mtu angejua. Kutupa chooni, shimo lilikuwa karibu kujaa. Kubeba kwenda porini, barabara zote zilikuwa na wanamgambo. Bi Saumu ndiye aliyesema: tuchimbie uani, kando ya bafu la makuti, pale ambapo udongo ni laini kwa sababu ya maji ya kuoga. Wakangoja Ijumaa, wanaume walipokwenda msikitini na mtaa ukanyamaza. Bwanaheri hakwenda. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aoe.

"Mungu atanisamehe," alisema, jembe mkononi. "Mgambo ndio sina hakika."

Walichimba mpaka magotini, wakashusha gunia, wakafukia, wakakanyaga, wakamwaga maji ya sabuni juu. Kopo la korosho nyeupe lilibaki. Mwaisha alitaka liende shimoni nalo, Bi Saumu akalinyakua.

"Hili nipe mimi." Akaingia chumbani, akafungua sanduku lake. Ndani, chini kabisa, palikuwa na sanda yake, marekani nyeupe aliyojinunulia zamani ili siku yake ikifika asiwasumbue watoto. Akalizungushia kopo sanda, akafunga sanduku. "Nani atafunua sanda ya mwanamke aliye hai?"

Waliona wamemaliza. Watu watatu waliozaliwa kwenye mikorosho, mmoja akiwa kikongwe, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka. Miaka mingi ya kuipima, kuitenga na kuipakia ilikuwa imewasahaulisha kwamba korosho ni mbegu.

*

Ikabaki mikono. Bi Saumu alimpaka mkwewe hina, nyekundu mpaka kwenye viwiko, nene, mara mbili. Kwenye nyufa za ngozi hina iliuma kama chumvi. Mwaisha alilia huku amenyoosha mikono, na Somoe, aliyedhani ni sherehe, akataka apakwe naye.

Zuhura aliiona kesho yake kisimani.

"Haya, bibi arusi! Hina ya nini?"

"Arusi. Ya binamu yangu. Mikindani."

"Binamu yupi?"

"Humjui."

"Mikindani mimi nina shangazi watatu, shoga. Mbwa akizaa Mikindani naletewa habari. Hakuna arusi." Zuhura aliitazama ile mikono kwa muda mrefu, akaitazama mahali ambapo hina ilikuwa imeshika vibaya, pamebonyea na kuchubuka. Kisha akajitwisha ndoo yake. "Haya. Hongera zao."

Mwaisha hakulala tena usingizi mzima. Kila mtu akikohoa njiani alikaa kitako. Zuhura akicheka upande wa pili wa ukuta, alijiuliza anacheka na nani. Kiwandani mashine zilizobaki zilikuwa mbili. Wanawake waliofika asubuhi waliambiwa nusu yao warudi nyumbani, na waliorudishwa hawakuitwa tena. Mume wake, meli ya pili ilikuwa imefika, alikuwa akirudi na mgongo umechubuka, na wakawa hawasemezani juu ya kazi, yeye yake na mwenzake yake.

Mvua za mwisho za masika zilinyesha, zikapumzika, zikanyesha. Juu ya mvua kulikuwa na maji ya kuoga, asubuhi na jioni.

Asubuhi moja Mwaisha alikwenda bafuni na kopo la maji, akaona ardhi imepasuka. Akadhani panya. Kesho yake nyufa zilikuwa na vichwa, vya kijani iliyochanganyika na wekundu, vimeinama kama watu wanaosali. Siku ya tatu vilinyanyuka. Akaving'oa vyote, akavitupa chooni. Siku iliyofuata vilitoka vingine. Aling'oa. Vikatoka, vingi zaidi, vimesongamana kama nywele za kichwa. Akiving'oa asubuhi, jioni vinachungulia vingine. Mwisho vidole vyenye vidonda vikakataa.

"Mama," alimwambia Bi Saumu. "Zinaota."

Kikongwe alisimama, akapapasa kwa miguu mpaka akaifikia ile miche, akaigusa kwa kidole cha mguu. "Ee Mola," alisema. "Sisi ni wajinga kiasi gani?"

*

Walikuja mchana wa Jumatano. Mbele alikuwa Mzee Athumani, balozi wa nyumba kumi, anayetembea kama mtu anayekwenda msibani. Nyuma yake wanamgambo wawili na mtu wa wilayani mwenye suti ya kaunda, ambaye hakuna aliyemjua. Nyuma yao ulikuwa mtaa mzima, na mbele ya mtaa Zuhura.

"Hodi, Mama Somoe," alisema Mzee Athumani. "Tumekuja... ni kawaida tu. Nyumba zote."

Walipekua ukumbi. Walipindua godoro. Waliangalia ndani ya mtungi. Mgambo alifungua sanduku la Bi Saumu, akaona weupe ule, akauliza nini hiki.

"Nguo yangu ya mwisho, mjukuu wangu. Ikunjue uone kama itanienea. Na wewe mama yako yu hai?"

Mgambo alifunga sanduku kama limemng'ata.

Ndipo yule wa wilayani akatoka kwenda uani. Alisimama mbele ya bafu, mikono mgongoni.

"Hii nini?"

"Mikorosho," alisema Mwaisha.

"Naona ni mikorosho. Nauliza inafanya nini bafuni?"

"Inaoga, mwanangu," alisema Bi Saumu kutoka mlangoni.

Mgambo mmoja alicheka, akatazamwa, akaacha. Mwaisha alisema, "Ni kitalu, ndugu. Tunaambiwa tupande." Alijisikia anavyosema, na mwenyewe asingejiamini.

"Kitalu hiki kilipandwa kwa koleo, mche juu ya mche?" Mtu wa wilayani aliinama, akashika mche mmoja, akauvuta. Ulitoka na mizizi yake, na kwenye mizizi zilining'inia nyuzi za katani za gunia. Akazitazama. Akazinusa. "Chimbeni."

Hakuna sauti iliyomwogopesha Mwaisha maishani kama ile ya jembe likiingia kwenye udongo laini. Alimshika Somoe. Gunia lilipanda juu, limeoza, linachuruzika tope, mizizi imelitoboa kila upande.

"Limetoka wapi?"

Mwaisha alifungua kinywa. Ndani yake palikuwa na jina la Erasto, tanuri, kopo, wageni wa Bara Hindi. Vyote vilikuwa vimejipanga foleni kwenye ulimi.

"Bandarini."

Ilikuwa sauti ya Bwanaheri. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha uani, amevua shati, anahema. Mtu alikuwa amemkimbilia kumwita. "Ni mimi. Ni za kufagia. Meli ikijaa, zinabaki zilizomwagika chini. Makuli tunazifagia tunagawana, tangu enzi za baba zetu. Mimi nimekuwa nikikusanya."

"Za kufagia, gunia zima?"

"Mimi nafagia vizuri, ndugu."

"Mkeo anafanya kazi kiwandani."

"Mke wangu hajui kitu. Nilichimba yeye akiwa zamu."

Mtu wa wilayani alimgeukia Mwaisha, akatazama usoni, akashuka mpaka kwenye mikono. "Nyoosha."

Akanyoosha. Hina ilikuwa imeanza kufifia, na chini yake weusi ulikuwa unajitokeza.

"Hina ya nini?"

Uongo wa Mikindani ulikuwa umekwisha kufa kisimani. Macho ya Mwaisha, bila yeye kutaka, yalikwenda kwa Zuhura.

Zuhura alitema mate pembeni. "Kwani wilayani kwenu watu hawaoi? Arusi ya binamu yake, Mikindani. Mimi mwenyewe nimealikwa, sina nguo. Au kuoa nako ni hujuma?"

Watu walicheka. Mzee Athumani naye akacheka, kwa nguvu kuliko kichekesho chenyewe, akasema, "Twendeni, ndugu, jua linatuchoma bure."

Walimtwika Bwanaheri lile gunia kichwani. Amri ilikuwa apite nalo mtaani mpaka kituoni ili wengine waone. Tope lilimchuruzika usoni na mgongoni, pale palipochubuka kwa magunia ya meli. Hakumtazama mkewe. Alipofika kwenye kona alisema tu, bila kugeuka, "Mama Somoe, maji ya mtoto yako motoni," na maji hayakuwa motoni; alitaka tu aondoke na neno la nyumbani.

*

Miche ilirudishiwa udongo ikabaki, kwa sababu ilikuwa kielelezo. Mgambo mmoja aliagizwa aje kila jioni kuimwagilia maji isife kabla ya kesi, na kwa majuma alikuja, akaazima ndoo kwa Mwaisha, akamwagilia ushahidi dhidi ya mume wake, akasema asante. Kila alipobisha hodi, Mwaisha alidhani wamemjia yeye.

Kiwanda kilifungwa bila sherehe. Walifika asubuhi, geti lina kufuli, mlinzi akawaambia ni mpaka itakapotangazwa tena. Wanawake walikaa chini ya ukuta mpaka adhuhuri, kama wanaosubiri mtu aje awakague. Erasto, wengine walisema amehamishwa Tanga. Zuhura alikuwa na hakika amevuka Ruvuma pale Kilambo, akajitia kwenye vita vya watu, kwa woga tu.

Kesi ya Bwanaheri haikufika popote. Lile gunia, bovu hivyohivyo, kwa kuwa magunia nayo yalikuwa adimu, lilipotea kituoni. Na kielelezo kilicho hai kililiwa chote, adhuhuri moja, na mbuzi wa Zuhura, aliyekata kamba.

"Kamba mbovu," alisema Zuhura, akimvuta mbuzi wake. "Siku hizi kila kitu kibovu."

Bwanaheri akaachiwa kwa onyo, na bandarini wakamwambia asirudi.

Aliingia nyumbani asubuhi, amekonda, nywele zimenyolewa, anatembea kwa kuangalia nyuma. Walikula uji bila sukari. Walipomaliza hakuna aliyenyanyuka, maana hakuna aliyekuwa na mahali pa kwenda. Bi Saumu ndiye aliyesimama, akaenda sandukuni, akarudi na kopo.

"Mimi sitazikwa na korosho," alisema. "Fungeni mlango."

Mwaisha alifunga mlango, akafunga na dirisha, ingawa jua lilikuwa kali na ndani mlikuwa na joto la tanuri. Akafungua kopo. Zilikuwa vilevile, nzima, nyeupe, zimejikunja kama watoto wa mimba. Walikaa wakizitazama. Bwanaheri alichukua moja, akaiweka mdomoni, akaanza kutafuna, akasita kwa sababu mlio wa kutafuna ulikuwa mkubwa.

"Taratibu," alinong'ona Mwaisha.

"Tamu," alinong'ona Bwanaheri, na machozi yakamlengalenga. "Ndiyo hii? Miaka yote nabeba hii?"

Mwaisha alitia yake. Iliyeyuka upande mmoja, ikabaki upande mwingine, na utamu wake ulikuwa mpole, wa maziwa. Akatia ya pili. Ndipo mlango ukagongwa.

"Hodi humu."

Vinywa vyote vilisimama. Sauti ilikuwa ya mwanamke, nzito, iliyozoea kutoa amri. Bi Saumu alifunika kopo kwa upande wa khanga. Bwanaheri alikuwa amekwisha simama, mikono imenyanyuka nusu, kama alivyofundishwa kituoni. Mlango haukuwa na komeo la kweli, ukajisukuma wenyewe.

Alikuwa Helena. Hakuvaa kaki. Alikuwa na gauni la maua lililopauka na kifurushi mkononi. Kesho alikuwa anarudi kwao Ndanda na alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuaga, na nyumba nyingi zilikuwa zimejidai hazina watu. Lakini Mwaisha hakuona gauni wala kifurushi. Aliona uso ule tu. Na kabla hajaambiwa neno, alisogea mbele, akasimama wima, akafumbua kinywa na kunyanyua ulimi, na korosho nyeupe zikaonekana zote.

Helena alitazama ndani ya kile kinywa. Akamtazama Bwanaheri na mikono yake hewani, na kikongwe aliyekumbatia khanga.

"Funga, dada," alisema pole pole. "Sikagui tena. Meza."

Mwaisha alifunga kinywa. Alijaribu kumeza, mara moja, na mara nyingine, na koo likakataa. Akabaki amesimama mbele ya Helena, mashavu yamejaa, akisubiri kikombe cha maji.